Binti wa Paisley na Kigogo Aliyeng'olewa kwa Kura

Ndugu msomaji, wangali miongoni mwetu watu wanaoamini kwamba uongozi ni mali ya wenye mvi na mifuko mizito, na kwamba kijana akisimama kuomba kura, swali la kwanza ni kuwa yeye ni mtoto wa nani. Watu hao yafaa wasimuliwe habari za Mhairi Black, binti wa mji wa Paisley huko Uskoti. Tarehe 7 Mei 2015 binti huyo alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Uingereza akiwa na umri wa miaka 20, naye alikuwa bado mwanafunzi wa siasa katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Tangu sheria ya mageuzi ya uchaguzi ya mwaka 1832, Uingereza ilikuwa haijapata kumwona mbunge mdogo kama yeye.

Hatuisimulii habari hii ili tuushangilie ujana. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na kijana mlafi huishia kuwa mzee mlafi. Tunaisimulia kwa sababu inalo swali ambalo kila mpenda mageuzi hana budi kujiuliza: ni mlango gani uliofunguliwa hata mwanafunzi asiye na mali akaingia bungeni, na ni nani aliyeufungua?

Kwanza na tumtazame yule aliyeshindwa. Douglas Alexander hakuwa mtu wa kubabaishwa. Aliingia bungeni mwaka 1997 kwa tiketi ya chama cha Labour, akawa waziri wa maendeleo ya kimataifa kati ya 2007 na 2010, na mwaka 2015 ndiye aliyekuwa msemaji wa upinzani kuhusu mambo ya nchi za nje. Zaidi ya hayo, alikuwa miongoni mwa wakuu walioongoza mipango ya kampeni ya chama chake katika nchi nzima. Mwaka 2010 wapiga kura wa Paisley na Renfrewshire Kusini walikuwa wamempa ushindi wa zaidi ya kura 16,000 juu ya mpinzani aliyemfuata. Kiti chake kilihesabiwa kuwa salama kama mwamba. Lakini kura zilipohesabiwa, Mhairi Black wa chama cha SNP alikuwa na 23,548, naye Alexander alikuwa na 17,864. Kigogo akang'oka mchana kweupe, bila jiwe kurushwa na bila mtu kumwagiwa damu.

Sasa tuutazame mlango. Kabla ya mwaka 2006, sheria ya Uingereza ilimtaka mgombea ubunge awe ametimiza miaka 21. Mwaka huo Bunge liliipunguza miaka hiyo ikawa 18. Laiti sheria hiyo isingebadilishwa, Mhairi Black angerudishwa mlangoni na karatasi zake mkononi, hata kama watu wote wa Paisley wangemtaka. Hakuna aliyejua mwaka 2006 kwamba sheria ile ingemfaa msichana fulani ambaye wakati huo alikuwa shule ya msingi. Ndivyo sheria njema zilivyo: hupandwa na watu wasiojua ni nani atakayekula matunda.

Isitoshe, mgombea ubunge wa Uingereza hutoa dhamana ya pauni 500 na kuleta saini za wapiga kura kumi wa jimbo lake. Akipata zaidi ya asilimia 5 ya kura, hurudishiwa fedha zake. Tena sheria huweka kikomo cha gharama za kampeni kwa kila mgombea jimboni, na anayekiuka huweza kufikishwa mahakamani. Pauni 500 si pesa za mchezo kwa mwanafunzi, lakini pia si thamani ya shamba la baba yake. Waziri wa zamani na mwanafunzi wa chuo hupimwa kwa kibaba kimoja.

Jambo la pili lilitukia miezi minane kabla ya uchaguzi huo. Tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti walipiga kura ya maoni kuamua kama nchi yao ijitenge na Uingereza. Vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kupiga kura, na karibu asilimia 85 ya waliojiandikisha walijitokeza. Waliotaka kujitenga, Mhairi Black akiwa mmoja wao, walishindwa kwa asilimia 45 dhidi ya 55. Wengi wangetarajia kwamba watu hao wangekata tamaa na kurudi majumbani. La hasha! Walifurika katika chama cha SNP hata wanachama wake, ambao kabla ya kura ile walikuwa kama 25,000, wakapita 100,000 ilipofika Machi 2015. Mwezi wa Mei chama hicho kikatwaa viti 56 kati ya 59 vya Uskoti. Wananchi waliokwisha kuonja uzito wa kura yao hawakukubali tena kuwa watazamaji.

Tarehe 14 Julai 2015 mbunge huyo alisimama kutoa hotuba yake ya kwanza. Wakati huo waziri wa fedha, George Osborne, alikuwa ametangaza mpango wa kuwaondolea vijana wa chini ya miaka 21 msaada wa serikali wa kodi ya nyumba. Black alilikumbusha Bunge kwamba yeye, akiwa mbunge, angelipiwa makao jijini London, na kwa hiyo alikuwa kijana pekee wa miaka 20 katika nchi nzima ambaye waziri huyo alikuwa tayari kumsaidia kupata nyumba. Akasimulia habari za mtu mmoja wa jimboni kwake aliyekuwa akijinyima chakula ili apate nauli ya kwenda ofisi ya kazi, akazirai kwa njaa, na kwa kuchelewa kwake akanyimwa posho kwa wiki 13. Kisha akawageukia Labour na kuwaambia kwamba jamaa zake walikuwa watu wa chama hicho tangu zamani, na kwamba chama ndicho kilichomwacha yeye. Hotuba hiyo ilitazamwa na mamilioni ya watu ulimwenguni.

Hata hivyo, hotuba si mkate. Mwaka 2016 Black alileta mswada wa kuzitaka ofisi za serikali zichunguze kwanza hali ya mtu kabla ya kumkatia posho. Mswada huo haukupata kuwa sheria. Alichaguliwa tena mwaka 2017 na 2019, na mwishoni mwa 2022 akawa naibu kiongozi wa wabunge wa chama chake mjini London. Lakini Julai 2023 alitangaza kwamba hatagombea tena. Alisema Bunge la Westminster limepitwa na wakati na limejaa dharau kwa wanawake, na kwamba mazingira yake yamekuwa sumu. Uchaguzi wa 2024 ulipofika alikuwa hajatimiza miaka 30, na tayari alikuwa amekwisha kutumikia miaka tisa na kuondoka.

Wapo watakaoruka hapa na kusema: mnaona? Mtoto amekimbia. Kazi ya wazee waachiwe wazee. Sisi twasema kinyume. Mtu anayejua kuingia kwa kura na kutoka kwa hiari amekwisha kufundisha somo ambalo waheshimiwa wengi hufa hawajalijua. Kiti hakikuwa chake, kilikuwa cha watu wa Paisley, naye alipowarudishia walimpa mtu wa chama kingine. Na huyo Douglas Alexander aliyeng'olewa mwaka 2015? Hakufungwa wala hakufilisiwa, na hakulazimika kuikimbia nchi. Mwaka 2024 alirejea bungeni kwa kura za jimbo la Lothian Mashariki. Mahali ambapo kushindwa si kifo, mtu hana sababu ya kuiba kura ili aishi.

Wala tusidanganyike kwamba Waingereza ni malaika. Chama cha SNP kilipata nusu ya kura za Uskoti mwaka 2015 lakini kikachukua karibu viti vyote, kwa sababu mfumo wao humpa kila kitu anayetangulia jimboni, hata kwa kura moja. Binti wa Paisley mwenyewe alinufaika na kasoro hiyo. Tena Waingereza hawa hawa ndio waliotutawala bila kutuuliza na kutuachia majengo ya Bunge pamoja na sheria za kuwatia watu kizuizini. Tunachojifunza kwao ni upana wa mlango. Uungwana wao tuwaachie wenyewe.

Sisi Wakenya tunaujua mlango uliofungwa. Juni 1982 katiba yetu iligeuzwa ili KANU iwe chama pekee. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa kwenye mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 akaenda bungeni bila kura ya siri. Wafupi walitangazwa kuwa warefu na milolongo mirefu ikaitwa mifupi. Katika mlolongo kama huo, mwanafunzi angethubutuje kusimama dhidi ya waziri, na maskini yupi angethubutu kusimama nyuma yake huku chifu akitazama? Ilibidi watu wateswe na kufungwa ndipo kifungu cha 2A kikaondolewa Desemba 1991.

Na mlango ulipofunguka, vijana walionekana. Katiba ya 2010 humruhusu mpiga kura wa miaka 18 kugombea ubunge. Mwaka 2017 John Paul Mwirigi, kijana wa miaka 23, aliingia bungeni kwa kura za Igembe Kusini akiwa mgombea huru. Mwaka 2022 Linet Chepkorir wa Bomet alichaguliwa kuwa mwakilishi wa wanawake akiwa na miaka 24. Hao ni Mhairi Black wetu, nao hawakuwa na mali.

Lakini wangapi wamebaki nje? Sheria ya kudhibiti gharama za kampeni ilipitishwa mwaka 2013, na hadi tulipopiga kura mwaka 2022 ilikuwa haijatumika hata mara moja. Kwa hiyo mwenye magunia ya noti hana kikomo, na kijana mwenye hoja hana kipaza sauti. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa nchi hii walifika bungeni kwa miguu, bila tiketi ya chama na bila kura, wakaipinga kodi iliyokuwa ikipitishwa ndani, na baadhi yao waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alisema hatautia saini mswada huo. Nchi inayowasikia vijana wake baada ya mazishi tu inacheza na moto.

Basi madai yetu ni haya, nayo yasemwe vijijini na mijini kabla ya kila uchaguzi. Sheria ya gharama za kampeni itumike kwa tajiri na maskini sawa. Vyama viendeshe kura za mchujo kwa daftari la wanachama na kwa siri, wala visiuze tiketi kama mbuzi sokoni. Kijana anayetimiza miaka 18 aandikishwe bila kuzungushwa. Na wewe, kijana unayesoma ukurasa huu, usingoje kualikwa. Jiandikishe, jiunge na chama au simama peke yako, uwaombe kura watu waliokulea. Ukishindwa, rudi tena. Ukishinda, kumbuka kwamba kiti ni cha kuazimwa, na cha kuazima hakistiri matako milele.