Mazungumzo ya jamaa: Mutoto naye aandikwe



Wengi wetu tunaokaa ku kambi za migodi tuko na bukwe mbali. Muke wangu alizaliwa Idjwi, kile kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu. Daraja hakuna. Unapanda bwato Bukavu, Goma, ao ku vijiji vya Kalehe. Kwa bwato njo nanasi, kahawa na wagonjwa wanatoka. Kwa bwato njo chumvi na sabuni zinaingia. Na fasi zingine za ziwa, maji yanakwenda chini zaidi ya meta 400.

Mwezi wa 8 mwaka 2016 tulikwenda kule na watoto wetu wawili. Asubuhi ku kivuko cha Bukavu watu walijaa, na mizigo yao: mifuko ya unga, magodoro, kuku. Karani alikuwa na daftari. Akaandika jina langu, akaandika la muke wangu, akafunika biki. Mama Neema akauliza:

— Na batoto?

— Mama, batoto hatuandikake. Habalipe.

— Kama hamubaandike, miye siingie. Tukizama, mutabatafuta kwa jina gani?

Watu wakacheka. Miye nikasikia haya, nikamwambia: « Mama Neema, nyamaza, bwato litatuacha. » Hakunyamaza. Karani akaandika majina mawili kwa hasira. Hapo wamama wengine nao wakaleta watoto wao waandikwe. Kumbe hesabu ikapita ile iliyopakwa ubavuni mwa bwato! Wanaume sita wakashushwa na mifuko yao, wakitukana muke wangu. Tukafika salama, na miye nikabaki na kinyongo changu.

Lakini tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018, ku Ziwa Victoria, inchi ya Tanzania, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kwa watu 101. Waliokufa peke yao walipita 220. Tena tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, ku Ziwa Kivu letu, bwato Merdi lililotoka Minova lilizama karibu na kivuko cha Kituku, Goma, watu wa pwani wakiona kwa macho. Hesabu za wafu zilizotolewa hazikupatana. Siku ile nilikumbuka swali la muke wangu: kwa jina gani?

Ndugu munaoshuka shimo la kompanyi, munajua sheria hii kuliko karani yeyote: mutu hashuke bila kuandikwa, na hesabu ya waliotoka inapaswa kulingana na ya walioshuka. Kwa nini ku maji tunakuwa wapole?

Basi, mbele ya kupanda:

Omba jina la kila mutoto liandikwe, hata wa mugongoni.

Soma hesabu ya watu iliyo ku bwato. Likijaa, rudia nyumbani. Bukwe watangoja mpaka kesho.

Jile ya kuelea ivaliwe, isiwekwe chini ya kiti. Mutoto apate ya kipimo chake.

Achia mutu wa inchi kavu jina la bwato na saa ya kutoka.

Kisiwa kikionekana, kaa chini mpaka kamba ifungwe. Mabwato yale mawili yalipinduka karibu na kufika.

Yule muchungaji wa kondoo 100 alijua mumoja amepotea kwa sababu alikuwa amehesabu. Miye baba wa nyumba, nilitaka kunyamazisha yule aliyehesabu, juu ya haya ya macho ya watu. Mama Neema, unisamehe.

Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.