Kabla ya kununua televisheni, uliza kwanza inakula umeme kiasi gani

Tarehe 7 Februari 2024 tulikuwa watu zaidi ya kumi sebuleni kwa jirani yangu, huku Ndosho. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, lakini jirani alikuwa na batri moja ya sola na plazma ya inchi 42, ya mitumba kutoka Ulaya, aliyoinunua Birere. Kuanzia saa moja jioni tuliangalia Nijeria na Afrika Kusini mpaka penalti. Saa nne Léopards wakaingia uwanjani Abidjan kucheza nusu fainali na Côte d'Ivoire. Wakajipanga kwa wimbo wa taifa. Konvertiseri ikalia mara tatu, kioo kikawa cheusi.

Dakika hiyo wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kichwani kama bastola. Ishara ile ilikuwa juu yetu sisi, watu wa Mashariki tunaouawa huku dunia imenyamaza. Dunia iliiona. Sisi tulisimuliwa na redio. Mimi ni mtu wa redio, sikupaswa kulalamika, lakini usiku ule nililalamika.

Kosa halikuwa la batri. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 ikiwa mpya na imejaa, na ukiitoa zaidi ya nusu unaiua mapema. Plazma kama ile inakula wati 250 hivi. Piga hesabu: saa mbili, basi. LED ya inchi 32 inakula karibu wati 40, kwa hiyo batri ile ile ingetufikisha usiku wa manane na zaidi. Ziko hata zinazochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12, bila konvertiseri.

Wauzaji watakuambia, "Mkubwa, hii ni mali ya Ulaya, haiishi." Sikatai, picha ya plazma ni nzuri, nyeusi yake ni nyeusi kweli na mpira ukikimbia hauachi mkia. Lakini viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza kati ya 2013 na 2014. Ikiharibika, fundi ataitoa wapi kadi yake?

Jina LED nalo linachanganya watu. Ni LCD ile ile, kilichobadilika ni taa ya nyuma: zamani ilikuwa mirija kama ya neo, sasa ni taa ndogo ndogo zisizokula sana. OLED ni kitu kingine kabisa, kila nukta inajiwakia yenyewe. Inapendeza mno, ila bei yake si ya mtaa wetu, na alama ya chaneli ikikaa pale pale miezi inaweza kubaki kama kovu.

Usidanganywe pia na kibandiko cha "4K" kwenye inchi 32. Mara nyingi maana yake ni kwamba inapokea picha hiyo, kisha inaipunguza. Ukikaa mita tatu kutoka ukutani, Full HD inakutosha, hata HD ya kawaida. Na wengi wanalipia HD kisha wanaunganisha dekoda kwa ile kamba ya vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Kamba hiyo haipitishi HD. Tafuta ya HDMI.

Nayasema haya kwa sababu tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, dola inayotoka mfukoni hatujui itarudi lini. Kabla hujalipa, geuza televisheni, soma wati zilizoandikwa mgongoni. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike.

Plazma ya jirani bado iko ukutani, imefunikwa kitambaa cha maua. Juzi aliniomba nimtafutie mnunuzi. Nilikataa.