Mazungumzo ya Wanaume, Umbeya wa Wanawake

Mji wa Arusha umejipatia jina kwa maneno. Mwaka 1967 chama cha TANU kilitoa hapo Azimio lililogeuza siasa ya nchi nzima. Mwaka 1993 Wanyarwanda walitia saini hapo mapatano yao ya amani, na mwaka 2000 Warundi wakafuata. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilifanya kazi yake hapo hadi ilipofungwa mwaka 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapo. Kwa mambo yote hayo palitafutwa kumbi, wakalimani na makatibu wa kuandika kila linalotamkwa. Na kilichotamkwa, aghalabu na wanaume, kikaitwa mazungumzo.

Toka katika kumbi hizo, upande daladala uende Tengeru siku ya soko. Nyuma ya mikungu ya ndizi utawakuta wanawake wa makamo wamekaa wakisemezana. Wanasema juu ya wimbo mpya, tamthilia ya jana usiku, harusi ya juzi, wakwe, maradhi na bei ya mbolea. Hapo hapana katibu wala mkalimani. Na wanachokisema, hata kabla hakijasikilizwa, kimekwisha kupewa jina: umbeya.

Nathubutu kusema kwamba jina hilo ni dhulma, na kwamba inaigharimu fasihi yetu zaidi ya inavyowagharimu wanawake wenyewe. Kila kongamano la Kiswahili hulia kwamba hatuna wahakiki. Wahakiki tunao. Tumewaziba midomo kwa neno moja, kisha tunashangaa kwa nini kumekuwa kimya.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Riziki ilinihamishia Arusha miaka mingi iliyopita, nami ni mmoja wa wanawake sita tunaokutana kila Jumapili alasiri kwa ajili ya kikoba, upande wa Sakina. Yumo Mmeru muuza ndizi, Mwarusha fundi cherehani, Mchaga mwalimu mstaafu, Mpare muuguzi na Mrangi mwenye mgahawa. Hisa zikishanunuliwa, marejesho yakishahesabiwa na sanduku likishafungwa, chai huletwa, na hapo ndipo mkutano wenyewe unapoanza.

Jumapili moja tulibishana juu ya wimbo wa "Mauzauza", ambao Zuchu aliuimba mwaka 2020 pamoja na mama yake mzazi, Khadija Kopa. Mwalimu aliturudisha katika miaka ya 1990, Khadija Kopa alipokuwa TOT na Nasma Khamis akiwa Muungano, na mashabiki wakigawanyika kama wa mpira. "Nguvu ya mpasho," alisema, "ni kutotaja jina. Kila aliyekaa ukumbini hujiuliza, jamani, ni mimi? Ukimtaja mtu, umemuumiza mmoja. Waliobaki wamecheka tu wakaenda zao."

Fundi cherehani akadakia: "Mama, hawa vijana wanaimba mapenzi usiku na mchana, lakini mimi humo simo. Mapenzi ya kumkumbusha mume dawa yake ya sukari, ya kulala pamoja mkizungumza habari za karo, hayo nayo si mapenzi? Nani ayaimbe?"

Mwenye mgahawa alinyamaza kitambo, kisha akatuungamia jambo. Zamani, vijana wa X Plastaz wa hapa hapa Arusha walipoanza kuchanganya muziki wa kufokafoka na sauti za Kimasai, yeye aliwaita wahuni. Mwaka 2004 walipotoa albamu yao ya "Maasai Hip Hop", wageni wa mbali waliisikiliza kabla yake. "Sauti zile tulikuwa tumeziacha sisi, tukiona haya," alisema. "Wahuni ndio waliokwenda kuziokota."

Sasa msomaji na apime mwenyewe. Wa kwanza amesema juu ya fumbo na kazi yake katika utungo. Wa pili ameuliza ni nani anayepewa nafasi katika sanaa na nani anayeachwa nje. Wa tatu amehoji jinsi jamii inavyotupa urithi wake na jinsi unavyorudi kwa mlango wasioutazamia. Lau maneno hayo yangetoka kinywani mwa profesa jukwaani, tungetoa kalamu tukayanakili. Yametoka penye birika la chai, basi ni umbeya.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba wanawake wakikutana husengenya, na maneno yao yamevunja ndoa na kuharibu heshima za watu. Sikatai, nimeyasikia na mimi, na mara nyingine nimeshiriki, Mungu anisamehe. Lakini usengenyaji hauna jinsia. Nenda Jaws Corner mjini Unguja, kwenye kahawa na bao, usikilize wanaume wakigawa vyeo vya serikali na kupima ndoa za wenzao. Hayo tunayaita baraza, tunayaandikia makala, na watalii hupiga picha. Makosa ya baraza hatuyatumii kulifuta baraza. Kwa nini makosa ya jikoni yalifute jiko?

Nitaambiwa tena kwamba nyimbo na tamthilia ni mambo mepesi, hayastahili kurasa za watu wazima. Anayesema hivyo, hasa akiwa mtu wa visiwani, amesahau alikotoka. Siti binti Saad, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928 na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliimba yaliyokuwa yakisemwa na watu wa Ng'ambo. Wimbo wake wa "Kijiti" ulisimulia mauaji ya mwanamke na jinsi haki ilivyopinda mahakamani. Kabla ya kuwa wimbo, habari hiyo ilikuwa maneno ya watu majumbani na vibarazani. Aliyeyaita umbeya wakati ule, leo ni nani anayemkumbuka? Siti tunamkumbuka.

Na tukirudi nyuma zaidi, Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni nini kama si maneno ya mama mgonjwa akimwambia binti yake namna ya kuishi na watu? Tunausoma kwa heshima kwa kuwa umezeeka na mwenyewe hayupo. Mama wa leo anayemwambia bintiye hayo hayo katika kicheni pati ya Arusha, kwa nyimbo na vijembe alivyovitunga mwenyewe usiku uliotangulia, hatumsikilizi. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alifundisha unyago miaka na miaka, na heshima kubwa ilimfikia uzeeni. Je, ni lazima mwanamke azeeke sana, au afe, ndipo maneno yake yawe sanaa?

Husemwa kwamba penye wazee hapaharibiki neno. Methali haikusema wazee wanaume. Hiyo ni tafsiri yetu.

Sikuandika haya kwa sababu ya hasira tupu. Nimeandika kwa sababu ya daftari. Yule mwalimu mstaafu, ambaye maneno yake juu ya mpasho nimeyanakili hapo juu, alikuwa akitunga mashairi tangu akiwa chuoni. Alijifunza mizani na vina kwa kuyasoma magazetini, hata akaweza kutunga bila kuhesabu vidole. Siku moja akapeleka shairi kwenye gazeti moja. Lilihusu mwanamke anayesubiri maziwa yachemke huku akiwaza maisha yake. Likarudishwa, na maneno machache pembeni: mambo ya jikoni yabaki jikoni. Aliendelea kutunga, ila hakupeleka tena. Daftari zimefika nne. Anaziweka ndani ya kabati, chini ya vitenge, na mumewe alifariki bila kujua kama zipo.

Alinisomea kurasa chache mwaka jana. Nimelelewa penye mashairi, najua kizuri na kibovu. Nilikaa kimya muda mrefu, nikatamani ningekuwa na uwezo wa kuwaita wale waliokuja Arusha kwa mikutano yao yote, wakae chini, wasikilize.

Basi madai yangu ni machache. Wahariri wa majarida yetu, hili likiwemo, na watenge kurasa kwa ajili ya mazungumzo ya wanawake kama hawa, yakiandikwa kwa ridhaa yao na kwa Kiswahili chao, hata kama kina harufu ya Meru na si ya karafuu. Wanafunzi wa vyuo wanaotafuta mada za utafiti na waende penye vikoba, saluni na masoko, wakae, waulize kuhusu nyimbo, wasikilize jawabu mpaka mwisho. Na sisi watu wa pwani tuache kujiona warithi pekee wa lugha hii. Nimekaa na wanawake watano ambao Kiswahili kwao si lugha ya bibi zao, wakakipima kibwagizo kwa makini kuliko wengi wanaojiita malenga.

Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kuleta shairi moja pamoja na makala haya. Alifikiri, akakataa. "Waambie wafungue mlango kwanza," alisema. "Nikiona umefunguliwa, viatu nitavua mwenyewe."

Ujumbe nimeufikisha. Daftari bado zi kabatini, na mwenyewe anakaribia miaka sitini.