CHAZA NAO WAANDIKWE KWENYE DAFTARI

Ndugu wanachama,

Samaki akifika mnadani anapimwa na kuandikwa. Kamba vivyo hivyo. Lakini chaza wanaochokolewa na akina mama mwambani maji yakipwa, hakuna anayewaandika. Tunasema ni kitoweo tu. Jamani, hicho "kitoweo tu" ndicho kinachonunua unga na madaftari ya watoto katika nyumba nyingi za pwani hii.

Nalileta jambo hili kwa sababu miaka ya 2018 na 2019 chaza wa mwambani walikufa kwa wingi pwani ya Kenya, na Unguja pia. Wataalamu walipowapima walikuta kimelea, yaani kijidudu kinachoishi ndani ya mwili wa chaza. Unguja si mbali, na bahari haina ukuta.

Marekani waliyaona haya zamani: ghuba ya Delaware mwaka 1957, na Chesapeake mwaka 1959. Chaza walikufa kwa wingi, na wavuvi wengi wakaacha kazi ya baba zao. Baadaye ikajulikana kuwa kimelea kile kipo pia kwa chaza wa upande wa Asia. Ndiyo maana wataalamu wanaonya watu wasihamishe chaza ovyo toka pwani moja hadi nyingine.

Wapo watakaosema, "Chaza wakifa si tutaona?" Nasema hatutaona. Chaza hafi akaelea kama samaki. Anaachama, nyama inaliwa na kaa, ganda linabaki limeng'ang'ania mwamba. Mama akirudi na nusu ndoo atadhani mwenzake kamtangulia. Wengine wataanza kutupiana maneno ya uchawi. Daftari ndilo litakalotuambia kuwa bamvua hii ndoo zimepungua kwa wote, si kwa mmoja.

Napendekeza mkutano ujao tukubaliane hivi:

1. Kila bamvua katibu aandike ndoo za chaza za kila mama, kama anavyoandika samaki.

2. Asiletwe chaza hai kutoka pwani nyingine, wala maganda yake mabichi yasitupwe kwenye maji yetu.

3. Tukikuta chaza wengi wameachama, afisa uvuvi aambiwe siku hiyo hiyo. TAFIRI wapo hapa hapa Kunduchi. Tusingoje mpaka mwamba ubaki mweupe.

Tena tusitishane. Kimelea hiki kinaua chaza, hakimdhuru binadamu. Mtu asiharibu soko la akina mama kwa uvumi. Ila chaza aliyekutwa amekufa asiuzwe wala kuliwa, maana ameshaoza, na huyo ndiye anayeharisha watu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chaza ni mali. Tuwaandike.

Mwanachama