Tumepiga Makofi, Je, Tumesoma?



Tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Nilikuwa kidato cha sita. Tulishangilia bwenini kama vile timu yetu imechukua kombe. Mwalimu mmoja akatuuliza swali dogo: nani kati yenu amesoma kitabu chake? Kimya. Hakuna aliyeweza hata kutaja jina la kitabu kimoja.

Swali lile limenirudia mwaka huu tulipokuwa tunasoma maadili ya Aristotle. Mwanafalsafa huyo anasema heshima haiwezi kuwa lengo kuu la maisha, kwa sababu inamtegemea zaidi anayeitoa kuliko anayeipokea. Anaongeza kwamba watu hutaka kuheshimiwa na wenye busara, tena wanaowafahamu. Basi heshima ina uzito pale anayeitoa anapojua anachokiheshimu. Waamuzi wa Nobel walikuwa wamesoma. Sisi tulikuwa na makofi tu.

Wapo wanaosema tuzo huwaharibu waandishi. Jean-Paul Sartre aliikataa Nobel mwaka 1964, kwa kuwa hakutaka mwandishi ageuzwe kuwa taasisi. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali yote. Riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 2022, baada ya Nobel, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Bila tuzo, huenda tungeisubiri zaidi. Tuzo hufungua mlango. Kuingia ni juu yetu.

Mimi nimeingia kwa kuchelewa. Likizo iliyopita niliazima nakala, nikamkuta mtoto Yusuf anayekabidhiwa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Nilimkumbuka Yosefu wa kitabu cha Mwanzo, aliyeuzwa na ndugu zake. Kisha nikamkumbuka binti wa kazi wa jirani yetu nyumbani, aliyeletwa mjini kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Hakusomeshwa. Nilipishana naye bombani kwa miaka miwili, na sikuwahi kumuuliza hata jina la kijiji chao. Riwaya ndiyo iliyonifanya nimwone, naye alikwisha kuondoka.

Leo nchini kwetu ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Washindi hupongezwa, picha husambaa. Ni mafrateri wangapi tunaoweza kumtaja mshindi mmoja na kusimulia alichoandika? Sisi tunajiandaa kuhubiri. Padre asiyejali habari za watu wake atawahubiria watu asiowajua.

Ninapendekeza jambo dogo. Kila kitabu kilichoshinda kikichapishwa, kila darasa lichange na kununua nakala moja. Izunguke kitanda hadi kitanda, halafu tukae jioni moja tuijadili, hata kuikosoa. Tukishamaliza, ndipo tupige makofi.