Mtoto Mwembamba wa Burat

Siku ya kliniki, mama akishasoma uzito wa mtoto wake kwenye mizani, jicho humwendea mtoto wa jirani. Wa jirani ana mashavu. Wa kwake hana. Ndipo wasiwasi unapoanza, na mara nyingi unaanzia mahali pasipo na tatizo.

Mtoto wa kiume wa wastani huzaliwa na kilo 3.3. Katika mwezi wa pili huongeza zaidi ya kilo moja, lakini mwezi wa tano ni nusu kilo tu. Kutoka miezi 9 hadi 12 hupanda kutoka kilo 8.9 hadi 9.6 basi. Ndivyo mwili wa mtoto unavyokua. Mama ambaye hakuelezwa hayo huiona kasi ikipungua, akadhani maziwa yake hayatoshi, akaanza kumpa uji kabla ya miezi 6.

Vipimo hivyo havikutoka kwa watoto wa Ulaya peke yao. Kati ya 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wapatao 8,500 nchini Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolishwa na kutunzwa vizuri. Wakiwa wachanga, urefu wa watoto wa nchi hizo zote ulikaribiana mno. Grafu zilizotokana na kazi hiyo zilitolewa 2006.

Hata hivyo, maumbile nayo yana neno lake. Burat ni wadi ya Kaunti ya Isiolo, na jamii za wafugaji wa eneo hilo hujulikana kwa watu warefu, wembamba. Utafiti wa Mark Myatt na wenzake uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba watoto wa wafugaji, kwa sababu ya miguu yao mirefu, wanaweza kuonekana wamekonda kupita kiasi uzito wao unapolinganishwa na urefu. Utepe wa kupima mkono hauyumbishwi sana na umbo hilo. Kuanzia miezi 6, mkono ambao mzunguko wake haufiki sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na mtoto huyo anahitaji matibabu mara moja, awe wa jamii gani.

Kwa hiyo wembamba peke yake si ugonjwa, wala usiwe kisingizio. La kutazamwa ni mstari wa mtoto mwenyewe katika kitabu cha kliniki. Aliye chini kidogo ya wastani, lakini anapanda mwezi baada ya mwezi, yuko salama kuliko mnene ambaye mstari wake umelala miezi miwili.

Tatizo kubwa ni kwamba mistari mingi hukatika. Baada ya chanjo ya surua ya miezi 9, akina mama wengi huona kliniki imekwisha. Huo ndio wakati mbaya kabisa wa kuacha kupima, kwa sababu mtoto sasa anategemea chakula cha nyumbani. Kwa familia ya wafugaji, chakula hicho ni maziwa, na maziwa huondoka na mifugo ukame ukija. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, ng'ombe na ngamia walipelekwa mbali kutafuta malisho, na watoto wakabaki na uji mkavu.

Kudumaa huingia kimya katika kipindi hicho. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na mizani haiwezi kuuona udumavu huo: lazima mtoto alazwe kwenye ubao apimwe urefu. Kaunti ina nafasi nzuri ya kufanya hivyo. Akifikisha miezi 12, mtoto hupaswa kupewa vitamini A. Siku hiyohiyo apimwe urefu, uandikwe kitabuni, na mama aelezwe maana yake kwa Kiturkana, Kisamburu au Kiborana. Asiyefika, mhamasishaji wa afya ya jamii amfuate nyumbani akiwa na utepe mkononi.