Mkia mtupu: nani anafuta historia kwenye ndege za kompyuta?

Wadau, Agosti 2025 zilitoka habari kwamba Jeshi la Anga la Finland linaziondoa swastika kwenye bendera za vikosi vyake. Wengi tulibaki mdomo wazi. Kumbe zilikuwepo bado? Zilikuwepo. Kamandi yao ya anga ilikuwa imeshaacha nembo yenye alama hiyo tangu 2017, kimya kimya, na dunia ikaja kushtuka 2020.

Habari hiyo ilinikuta nyumbani tukiwa na ubishi wa jirani kabisa na huo. Mpwa wangu ni mgonjwa wa ile michezo ya kurusha ndege za vita kwenye kompyuta. Siku moja kaniita: "Mjomba, mbona kwenye picha ndege ya Mjerumani ina alama mkiani, huku kwenye mchezo mkia mtupu?"

Jibu fupi ni sheria. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kuonyesha alama za Wanazi, isipokuwa kwa mambo kama sanaa, elimu na historia. Kwa miaka mingi michezo ya kompyuta haikuhesabiwa humo. Wauzaji wengi wakaona heri kufuta kuliko kukosa soko la Ujerumani. IL-2 Sturmovik ya 2001, ambayo inasifika kwa kuhesabu mpaka misumari ya bawa, ilitoka mikia ikiwa mitupu. Agosti 2018 wakaguzi wa michezo wa Ujerumani walilegeza, wakasema kila mchezo utaangaliwa peke yake. Mlango ukafunguka, lakini wengi hawakuingia.

Nawaelewa. Kuna watu wanaipigania hiyo alama si kwa kupenda historia, wanaipenda yenyewe, na tusijifanye hatuwajui. Ila ukifuta mkia halafu ukabakiza injini, bunduki na rangi maridadi, unamwachia mtoto mashine safi isiyo na mwenyewe. Hatauliza ilikuwa inapigania nini. Mimi hilo ndilo linaniuma.

Sasa turudi Finland, maana huko ndiko mambo yanapokuwa matamu. Machi 1918 tajiri mmoja wa Sweden, Eric von Rosen, aliwapa Wafini ndege yenye swastika za bluu mabawani, alama yake ya bahati. Wakaifanya alama ya ndege zao zote. Chama cha Hitler kilikuja kuichukua yake 1920. Wahindu nao wanaichora milangoni kama baraka tangu zamani sana, hata hapa kwetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo Wafini hawakuiga kwa Hitler. Lakini ngoja kwanza: von Rosen huyohuyo baadaye akawa shemeji yake Hermann Göring, na Finland ikapigana upande mmoja na Ujerumani kuanzia 1941. Tusiwasafishe kupita kiasi.

Halafu Septemba 1944 wakasimamisha vita na Wasovieti, wakageuka kuwatimua Wajerumani kule Lapland. Yaani ndege yenye swastika ya bluu ikawashambulia wenye swastika nyeusi! Mpaka 1 Aprili 1945, Wafini walipobadilisha kuwa duara la bluu na nyeupe. Mchezo unaofuta alama zote hauwezi kukusimulia hilo hata kidogo.

Na alama hizi hazikuwa urembo. Wamarekani walikuwa na doa jekundu katikati ya nyota yao. Mei 1942 wakalifuta, maana mpiga mzinga akiona wekundu wa mbali alidhani ni lile duara la Mjapani. Julai 1943 huko Sicily, ndege 23 za kubeba askari wa miamvuli ziliangushwa na mizinga ya upande wao wenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuvuka kwenda Normandy, Juni 1944, mafundi walipewa brashi wapake milia mieusi na mieupe kwenye mabawa, haraka haraka, mingine imepinda. Leo unakuta mtu anarusha Spitfire ya 1940 juu ya London na milia hiyo ya 1944. Sheria gani ilimkataza kuuliza mwaka?

Basi juzi nimekaa na mpwa wangu tukaanza na ndege ya Finland. Nikamwambia aweke ile ya bluu, vita akivianzisha Aprili 1945 aitoe, aweke duara. Kaweka. Halafu kaniuliza, "Mjomba, na rubani wa Machi aliyeangushwa, kaburini kwake waliweka ipi?"

Chai ilipoa tukiwa bado tunatafuta.